Chatne tamu ya vitunguu vya Mang'ola: shajara ya jikoni

Kabla ya kuwasha jiko

Mapishi mengi ya chatne tamu ya vitunguu niliyokutana nayo mtandaoni yametoka Marekani, na mengi yanaanza na sharti moja: tafuta vitunguu vitamu vya Vidalia. Vidalia ni mji ulioko jimbo la Georgia. Udongo wa huko una salfa kidogo, kwa hiyo vitunguu vyake havina makali na mtu anaweza kuvila vibichi bila kutoa chozi. Tangu 1986 sheria ya jimbo hilo imeweka mipaka ya maeneo yanayoruhusiwa kuuza vitunguu kwa jina hilo.

Mimi niko Arusha. Kitunguu changu ni kile chekundu cha Mang'ola, kinachomliza mpishi kabla hajamaliza kumenya. Nataka kujua kama kinaweza kutoa chatne tamu na nzito, ya kukaa kabatini miezi kadhaa bila kuharibika. Nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba kinaweza, na hata kwamba kinafaa kuliko kile cha Georgia. Utamu wa kitunguu na ukali wake ni mambo mawili tofauti. Kitunguu kikali mara nyingi kina sukari sawa na kile kinachoitwa kitamu, au hata kukizidi, kwa kuwa hakina maji mengi sana. Hatuusikii utamu huo kwa sababu salfa inatangulia kufika puani na ulimini. Moto wa polepole huiondoa salfa na kuiacha sukari palepale ilipokuwa. Kwa hiyo mpishi hana haja ya kumimina sukari nusu gunia. Kinachotakiwa ni kuondoa kile kinachouziba utamu uliopo.

Hilo ndilo nataka kulithibitisha kwa sufuria na mwiko.

Jumamosi asubuhi, soko la Kilombero

Vitunguu vya Mang'ola vinatoka wilayani Karatu, kando ya Ziwa Eyasi. Ni bonde la joto na vumbi ambalo lingebaki kuwa pori la miiba kama si chemchemi zinazolishwa na misitu ya milima ya Oldeani na Ngorongoro. Wakulima wanayaongoza maji hayo kwa mifereji mpaka mashambani. Malori yanaleta mzigo Arusha, mengine yanapitiliza Namanga na kuingia Kenya. Mtu anayekula kachumbari Nairobi huenda anakula Mang'ola bila kujua.

Nilimkuta mama mmoja ambaye huwa ananiuzia nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unataka vya kupika au vya kuweka?"

"Vya kupika, ila vingi. Naomba vilivyokauka shingo."

"Basi usichukue hivi vya juu, vimekaa juani kunipendezeshea meza tu." Akazamisha mkono kwenye gunia, akatoa kimoja na kunipa. "Bonyeza hapa shingoni. Kikibonyea, kina maji, kitaoza. Hiki je?"

Hakikubonyea. Shingo ilikuwa nyembamba, imefunga kabisa, na ganda la nje lilikuwa jembamba linalochakacha, rangi ya zambarau iliyokolea. Kitunguu chenye shingo nene hakiwekeki, kwa sababu maji hubaki pale juu na ukungu huanzia hapohapo. Kwa chatne nakikwepa kwa sababu nyingine pia: kinatoa maji mengi sufuriani, nami gesi naitaka ipike kitunguu, si kuchemsha maji.

Nilichukua sado mbili. Pembeni yangu vijana walikuwa wanashusha magunia ya lumbesa, yale yaliyoshonewa kilemba cha wavu juu mpaka yanakuwa gunia na nusu. Lumbesa imekatazwa kisheria na bado ipo. Mkulima anauza gunia moja kwa hesabu ya midomo, halafu mzigo wa ziada unaondoka bure. Mtu aliyehangaika na mifereji, mbegu na mbolea miezi yote ile anastahili kupimiwa kwa kilo, na hili nalisema kila ninapopata nafasi ya kulisema.

Jumamosi jioni, kumenya na kukata

Nilipima kilo 2 za vitunguu vilivyokwisha kumenywa. Vipimo vyote ninavyoandika humu ni vya vitunguu vilivyomenywa, maana maganda, mizizi na vichwa vinakula sehemu kubwa ya kile ulichobeba kutoka sokoni.

Machozi yana sababu yake. Kitunguu kizima hakina gesi ya kuwasha macho. Kisu kinapopasua chembe hai zake, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kilichokuwa kimefungiwa upande mmoja kinakutana na viini vya salfa vilivyokuwa upande mwingine, na hapo gesi inazaliwa. Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani kimeng'enya kinachohusika ni kimoja tu. Mwaka 2002 watafiti wa Japani wakatangaza kwamba kipo cha pili, na chenyewe ndicho kinachotengeneza ile gesi ya machozi. Mpishi anapata mambo mawili ya kufanya hapa. Kisu kiwe kikali sana, ili kikate chembe chache badala ya kuzisaga. Na vitunguu vikae kwenye friji kama nusu saa kabla ya kukatwa, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya na gesi yenyewe haipandi haraka. Nilifanya yote mawili, na vitunguu vyote vikakatika kwa macho makavu.

Namna ya kukata inabadilisha chatne kuliko watu wanavyodhani. Kitunguu kina nyuzi zinazotoka kwenye mizizi kwenda kichwani. Ukikata kwa kufuata nyuzi, vipande vinashikilia umbo hata baada ya kupikwa muda mrefu. Ukizikata nyuzi kwa kukingama, vinalainika upesi na kuyeyuka. Mimi nataka chatne yenye vipande vinavyoonekana ndani ya rojo zito, kwa hiyo nimegawa: robo tatu nimekata kufuata nyuzi, vipande vyembamba vya urefu wa nusu kidole, na robo moja nimekata kwa kukingama, vidogo kabisa. Hivi vidogo ndivyo vitakavyoyeyuka na kuwa rojo.

Jumapili, sufuria mbili

Hili ndilo jaribio nililolitaka tangu mwanzo: siki iingie lini?

Mapishi mengi yanasema weka kila kitu sufuriani kwa pamoja, washa moto, koroga mpaka iwe nzito. Ni rahisi, lakini sikuamini. Niligawa vitunguu kilo moja kwa kilo moja. Sufuria ya kwanza ilipata siki, sukari na chumvi tangu mwanzo. Ya pili ilipata kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, basi. Zote ni sufuria za stenlesi. Sufuria za kawaida za alumini hazifai kwa kazi hii, kwa sababu siki inaila alumini na chakula kinapata ladha ya bati.

Sikuweka maji kwenye sufuria yoyote. Kitunguu chenyewe ni maji kwa karibu asilimia 90, na chumvi inayatoa ndani ya dakika chache. Tena maji ya maeneo mengi ya Arusha yana floridi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Ukichemsha chakula mpaka kikauke unaizidisha nguvu. Chatne ni chakula cha kukausha, kwa hiyo maji ya bomba hayaingii kabisa.

Sufuria ya pili niliifunika kwa dakika 20 za mwanzo, moto mdogo kabisa wa jiko la gesi. Nilipofunua, mvuke uliotoka ulikuwa bado na ukali wa kitunguu kibichi. Vitunguu vilikuwa vimelegea na kuogelea kwenye maji yao. Nikaacha wazi, nikawa nakoroga kila baada ya dakika chache. Ilipokaribia saa nzima harufu ilibadilika. Ukali uliondoka, ikaja harufu nzito ya sukari inayoanza kuungua kwa mbali. Rangi lakini ilikuwa mbaya: zambarau ya kitunguu ilikuwa imefifia ikawa kijivu, na pembezoni mwa sufuria kama buluu. Mtu asiyejua angedhani chakula kimeharibika. Rangi nyekundu ya kitunguu hutegemea uchachu. Pasipo uchachu inageuka kijivu au buluu, ukiurudisha inarudi.

Nikamimina siki kidogo kidogo. Pale ilipogusa, wekundu ulirudi papo hapo, ukasambaa kwa michirizi kufuata mwiko mpaka sufuria nzima ikawa rangi ya divai, yenye kahawia chini yake. Nimepika vitunguu maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo kwa utulivu kama siku hiyo. Nilimwita mwanangu aje aone, nikamwekea kando kijiko kimoja cha vitunguu vya kijivu ili atie tone la siki mwenyewe.

Sufuria ya kwanza ilipendeza kwa rangi tangu mwanzo hadi mwisho, waridi inayong'aa. Lakini baada ya muda uleule wa kupika, vipande vilikuwa bado vinalia mdomoni. Uchachu huimarisha kuta za chembe za mboga, ukazuia zisilainike, na ndiyo maana achari hubaki ngumu. Ukali wa kitunguu nao ulikuwa umepungua nusu tu. Utamu uliokuwapo ulikuwa wa sukari niliyoweka, umekaa juu juu, haukutoka ndani ya kitunguu.

Uamuzi wangu: kwa chatne tamu, kitunguu kwanza, siki baadaye. Ile ya waridi tumeila na samaki wa kukaanga na ilifaa sana, ila ni kitu kingine.

Nimeulizwa kwa nini nisitie magadi kidogo ili vitunguu vigeuke kahawia haraka. Ni kweli magadi huharakisha, hata soda ya kuokea. Lakini vitunguu vinakuwa uji, rangi inakwenda kwenye kijani, na lililo baya zaidi, magadi yanaua uchachu. Katika chakula cha kuhifadhi, uchachu ndio mlinzi. Hakuna magadi jikoni kwangu siku ya chatne.

Katikati ya wiki, habari ya siki

Hapa naandika kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kitunguu si chakula kichachu. pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu unapanda, ni kama 5.5. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum anaishi udongoni, na spora zake, yaani vijimbegu vyake vigumu vilivyolala, zinaweza kuja na kitunguu chochote kilichotoka ardhini. Spora hizo hazifi kwa kuchemshwa kwa maji ya kawaida. Zikikaa mahali pasipo na hewa, penye joto la kawaida na uchachu hafifu, zinaamka na kutengeneza sumu inayopoozesha mwili, na sumu hiyo haina lazima ya kuonekana wala kunuka. Chupa iliyofungwa vizuri ni mahali pasipo na hewa. Kinga ya mpishi wa nyumbani ni kuhakikisha pH iko chini ya 4.6, maana chini ya hapo spora haziamki.

Mwaka 1983 huko Peoria, jimbo la Illinois, watu 28 waliugua baada ya kula mgahawani vitunguu vilivyokaangwa na kuachwa ndani ya mafuta yake kwenye joto la chini. Mafuta yalizuia hewa, na siki haikuwamo. Nikisoma mapishi yanayosema "jaza mafuta juu ili chatne isiharibike," huwa nakumbuka tukio hilo. Mafuta yanazuia ukungu, ni kweli, ila yanamfungulia mlango huyu mwingine. Ndiyo maana mafuta yangu ni vijiko viwili tu vya chakula kwa kilo 2, ya kuanzia kukaanga, na hakuna yanayoongezwa juu.

Siki yenyewe iwe ya asilimia 5. Soma lebo. Madukani ziko za asilimia 4, na nyingine hazijaandikwa chochote. Hizo kwa kachumbari zinatosha, kwa kuhifadhi hapana. Shangazi yangu wa Tanga aliniletea chupa ya siki ya mnazi iliyotokana na tembo, yaani pombe ya mnazi, ina harufu ambayo siki ya dukani haijawahi kuikaribia. Lakini nguvu yake hakuna anayeijua, inategemea tembo lilikaa muda gani. Nimeamua itumike kwa harufu tu: vijiko viwili mwishoni, juu ya kiasi kamili cha siki iliyopimwa, kamwe isichukue nafasi yake.

Kipimo kilichosimama ni nusu lita ya siki ya asilimia 5 kwa kilo 2 za vitunguu. Nimeazima kipima pH cha kidijitali kwa rafiki yangu anayefundisha kemia. Karatasi za pH zinapakwa rangi na chatne yenyewe, huwezi kuzisoma. Kipima kilirekebishwa kwanza kwa maji maalumu ya pH 4 na pH 7, kisha nikasaga chatne kidogo iliyopoa na kupima. Ikasoma 3.8. Nikachota upande mwingine wa sufuria, ikasoma vilevile. Hapo nikapumua.

Wikiendi, viungo na shangazi

Shangazi alipokuja na siki yake hakukubali kukaa sebuleni. Alivuta kigoda akaketi jikoni, akaomba kuonja.

"Mbona umeificha tangawizi?"

"Sijaificha, shangazi, nimeweka kidogo."

"Ongeza. Na karafuu mbili tu, mwanangu. Ya tatu itawatawala wenzake."

Yuko sahihi kuhusu karafuu. Mafuta yake yana nguvu ya kufunika kila kitu, na yanazidi kukolea kadiri chatne inavyokaa chupani. Kuhusu tangawizi tulifika katikati: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kilichokunwa. Haradali nzima kijiko kimoja cha chakula, ikaangwe kwenye yale mafuta mwanzoni mpaka ianze kupasuka, kabla vitunguu havijaingia. Kijiti kimoja cha mdalasini, kitolewe kabla ya kujaza chupa. Pilipili manga iliyopondwa, nusu kijiko cha chai. Alitaka na binzari, nikakataa kwa heshima, kwa sababu ingeiua ile rangi ya divai.

Sukari tumeijadili sana. Nilianza na wazo kwamba kitunguu kina utamu wake, na bado nalishikilia, lakini siki nusu lita inahitaji kitu cha kuishika mkono. Nimetulia kwenye gramu 250 za sukari guru. Yapo mapishi yanayotaka nusu kilo na zaidi kwa vitunguu hivyohivyo. Sukari guru ina ladha yake nzito ya miwa, inaendana na kahawia ya kitunguu, na haileti ule utamu mkavu wa sukari nyeupe. Iparuze kwa kisu iwe unga kabla ya kuitia, iyeyuke upesi. Iingie pamoja na siki, si kabla, kwa sababu sukari nayo hukaza kitunguu kisilainike, halafu inaungua chini ya sufuria.

Baada ya siki na sukari kuingia, moto unapanda hadi wa wastani na sufuria inabaki wazi. Kilo 2 za vitunguu zilikuwa zimeshuka karibu nusu kabla ya siki. Sasa kila kitu kinapungua tena. Kujua imeiva, buruta mwiko katikati ya sufuria mpaka uone chini. Njia ikijifunga mara moja, bado. Njia ikibaki wazi muda wa kuvuta pumzi moja ndipo rojo linarudi taratibu, zima. Chatne inazidi kuwa nzito ikipoa, kwa hiyo usingoje iwe ngumu ikiwa bado jikoni.

Siku ya chupa

Chupa za kioo za mililita 250, mifuniko mipya. Chupa za jemu za zamani zinaweza kutumika tena kama hazina ufa mdomoni, lakini mfuniko wa zamani hauaminiki, mpira wake wa ndani umeshachoka. Makopo ya plastiki ya mayonezi hayafai kabisa, yanajikunja kwa chatne ya moto.

Nilichemsha chupa dakika 10, nikaziacha kwenye maji ya moto mpaka wakati wa kujaza, ili chatne ya moto isikutane na kioo baridi. Nikajaza nikiacha nafasi ya kama sentimita moja juu, nikapitisha kijiti chembamba kilichochemshwa pembeni ndani ya chupa kutoa mapovu ya hewa, nikafuta midomo kwa kitambaa safi chenye siki, nikafunga kwa nguvu ya vidole tu. Kisha chupa zikarudi kwenye sufuria kubwa yenye kitambaa chini ili zisigongane na chuma, maji yakazifunika kwa vidole viwili juu ya mifuniko.

Muda wa kuchemsha unategemea unaishi wapi. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mtu wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam achemshe chupa dakika 10. Sisi, na yeyote aliye kati ya mita 300 na 1,800, dakika 15. Walioko juu zaidi ya hapo, kama Njombe au Nyahururu, dakika 20. Muda unahesabiwa tangu maji yachemke kwa nguvu baada ya chupa kuingia. Hili sijaliona limeandikwa kwenye mapishi yoyote ya Kiswahili, nami naona ni deni tunalodaiwa sote tunaoishi milimani.

Nilizitoa nikazipanga mezani juu ya taulo, mbali na dirisha. Ndani ya saa moja mifuniko ilianza kulia tik, mmoja baada ya mwingine, katikati yake ikizama ndani kwa kuvutwa na hewa iliyopoa. Kila uliozama nilibonyeza kesho yake kwa kidole, usiochezacheza umefunga. Chupa ambayo ingekataa kufunga ingekwenda friji na kuliwa kwanza. Kilo 2 zimetoa chupa tano na kibakuli cha kulamba, ambacho hakikufika jioni.

Baada ya majuma kadhaa kabatini

Chatne ya siku ya kwanza inatangulia na siki. Nilijizuia kufungua, na kungoja kuna faida yake. Siki imetulia, haichomi tena pembeni mwa ulimi, karafuu imekwenda nyuma, na kitunguu kimechukua nafasi ya mbele. Vipande vilivyokatwa kufuata nyuzi vinaonekana, vinang'aa, vinakatika kwa ulimi. Rojo ni la vile vilivyokatwa kwa kukingama. Mgawanyo wa robo tatu kwa robo naubakiza.

Jumapili tuliiweka mezani na mbuzi choma na ndizi za kuchoma. Kachumbari ilikuwapo pia, na haikupokonywa kazi yake, maana kachumbari inakata mafuta na kuburudisha mdomo. Chatne inakaa na nyama, hasa ile sehemu iliyoungua kidogo kwa moto. Kwa mihogo ya kukaanga ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Kwa chapati na yai ndiyo kifungua kinywa cha nyumba hii kwa sasa.

Majirani wawili wameomba kununua. Nimewapa chupa moja ya kugawana na kuwaambia siuzi. Chakula cha kuuza kina njia yake: kusajili, kupimwa, lebo yenye tarehe na viambato. Kazi ya usalama wa chakula imekuwa chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na wajasiriamali wadogo wengi huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kupata mafunzo ya usindikaji. Nikifika huko nitapita mlango huo. Kwa sasa ni chatne ya nyumbani, na ikishafunguliwa inakaa friji na kuliwa ndani ya mwezi.

Kinachofuata

Ukwaju. Nataka kutia rojo la ukwaju lililochujwa, robo kikombe kwa kilo 2, wakati siki inapoingia, bila kupunguza siki hata kijiko. Ukwaju ni mchachu kwa asili, kwa hiyo pH haitapanda, ila nitaipima vilevile. Natarajia itabidi sukari guru iongezeke kidogo. Shangazi ameshasema atakuwapo.

Nataka pia kupika kipindi cha masika kwa vitunguu vilivyovunwa wakati wa mvua, vile vyenye maji ambavyo wafanyabiashara wanavikwepa na wakulima wanaviona vikioza ghalani. Vitachukua gesi nyingi zaidi kukausha, na nitaandika ni kiasi gani. Ikiwa chatne yake itasimama, mkulima wa Mang'ola atakuwa na kitu cha kufanya na mzigo ambao leo anautupa.

Chupa mbili za mwanzo nimeziandika tarehe na sijazigusa. Zikifika miezi sita nitafungua moja, nipime pH kabla ya kuonja.